Kukaa Nyuma ya Balqees

Ansab, Maskati
12 Oktoba 2024

Mdogo wangu Balqees,

Assalamu alaykum. Mama hajambo. Anakula vizuri, na ile nyonga iliyovunjika sasa inamruhusu kutoka chumbani mpaka barazani kwa mkongojo, Nankya wetu wa kazi kamshika kiuno na yeye anamgombeza Nankya kwa kumshika kiuno. Yaqoob anakusalimu. Kazi yangu kule Rusayl ni ile ile, kununua vipuri vya kiwanda na kubishana na wauzaji. Joto limeanza kulegea. Sabili ya Baba, yale maji ya sadaka pale getini, nimeibadilisha chujio, maji yanatoka baridi, na vijana wanaopeleka chakula kwa pikipiki husimama, hunywa, humwombea marehemu, huenda zao.

Haya, salamu zimekwisha. Umeshaona kuwa nimekufungia WhatsApp. Usiulaumu mtandao wa Ufaransa, ni mimi.

Ile picha ya Jumanne ndiyo iliyonimaliza. Njia nyeupe ya changarawe, miti imekumbatiana juu yake, hapana gari, hapana mtu, na gurudumu lako la mbele limejitokeza pembeni kama linanitolea ulimi. Chini umeandika "kimya kitupu". Mimi nimeipokea nikiwa kwenye foleni ya Rusayl, nyuma ya lori la saruji. Niliona wivu, Balqees. Lori likaondoka mimi nisiondoke, mpaka wakanipigia honi.

Maana msitu ule ulikuwa wangu. Wewe hukuwepo wakati Baba akinipakia kwenye baiskeli kwenda dukani kwake Matrah. Nilikaa nyuma nimemshika shati, nikitazama mgongo wake, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia, kwa sababu baiskeli alijifunzia Tabora akiwa na debe la asali limening'inia bega hilo. Njia nzima akinihadithia misitu ya kwao, jinsi alivyokuwa akiingia na baiskeli kuwafuata warina asali, siku nzima bila kusikia kitu ila mnyororo wake mwenyewe. Mimi nilidhani msitu uko nyuma ya milima ya Matrah, na iko siku tutafika.

Nilipokuwa mkubwa nikaitafuta njia ya namna hiyo. Nilinunua baiskeli ya matairi mapana. Nilikufundisha wewe. Nikakaa na ramani za Ufaransa miezi, nikachora njia ya changarawe kutoka kijiji hadi kijiji ndani ya mkoa wa Creuse, na wewe ukinichungulia begani ukila karanga. Halafu idara yako ya maji ikakupeleka mwaka mzima kusoma chemchemi, na mkoa wenyewe ni ule ule. Mimi nimepika biriani, wewe umekaa kwenye sinia.

Sasa sikia. Mwezi wa tano nina likizo. Mama mdogo Bakhita amekubali kukaa na Mama. Ubalozi wanataka barua ya mwaliko kutoka kwa mwenyeji. Mwenyeji ni wewe. Niandikie hiyo barua, nije, tuipite njia niliyoichora kabla hujarudi mwezi wa sita. Sikuombi kitu kingine.

Tuma kwa sanduku la Baba, posta ya Matrah. WhatsApp nitakufungulia roho yangu ikipoa.

Dada yako,
Shariffa


Creuse, Ufaransa
9 Novemba 2024

Dada Shariffa,

Waalaykumu salaam warahmatullah. Barua yako imefika na harufu ya udi. Nimeinusa kabla ya kuisoma, mtu wa posta akanitazama vibaya. Nashukuru Mama anatembea. Mwambie simu ya Ijumaa nilimsikia vizuri, ila asipige kelele, Ufaransa si mbali hivyo. Msalimu shemeji Yaqoob. Na Nankya mpe pole ya kiuno.

Kwa lori la saruji nilicheka, halafu sikucheka tena.

Nakaa chumba kimoja juu ya shule ya zamani ambayo haina wanafunzi. Kijiji hiki kina watu wachache kuliko ukoo wetu siku ya harusi. Kazi yangu ni kwenda chemchemi moja hadi nyingine, kuchota maji kwenye chupa na kuyapima. Jioni na Jumamosi napanda baiskeli. Njia zipo kama ulivyozichora. Nyingi ni za malori ya magogo, na siku malori hayafanyi kazi unapita msituni kutwa bila kukutana na mtu. Changarawe ikilowa haipigi kelele, inanong'ona. Kuna mti unaangusha matunda ya miba kama shokishoki, ndani yake mna njugu wanazozichoma. Paa wanasimama njiani wanakutazama mpaka uwakaribie, ndipo wanakumbuka kuogopa.

Shida ni maji. Maduka ya vijijini yamefungwa miaka, na chupa zangu mbili huisha mapema. Wenyeji wakanifundisha: ukiwa na kiu, tafuta makaburi. Kila kijiji kina makaburi yamezungushiwa ukuta, na kila ukuta una bomba. Usimwambie Mama.

Mimi nikajiambia, kumbe hawa nao wana sabili. Nikaona ni jambo jema mno, wafu wa kijiji kizima wamechanga bomba moja. Basi kila nikijaza chupa nawashukuru, nasoma na majina yaliyo karibu. Siku moja nikamkuta bibi anamwagilia maua kaburi la mumewe. Jina lake Solange. Nikamwambia kwa Kifaransa changu cha kuokota, Mungu amlipe marehemu wako kwa maji haya. Akatazama chupa, akatazama bomba, akaniuliza nimesema nini. Nikamweleza: kwetu mtu akifa, jamaa zake huweka maji njiani, na kila mpita njia akinywa, marehemu huandikiwa thawabu. Akasema bomba ni la serikali ya kijiji, kazi yake ni kumwagilia maua.

Nilitamani ardhi inifiche, na mahali palikuwa penyewe. Yule bibi akaketi ukingoni mwa kaburi akacheka mpaka akafuta macho. Akasema, mume wangu katika uhai wake hakumpa mtu hata maji ya kunawa, na leo amepata thawabu za bure.

Jumamosi iliyofuata nimekuta kikombe cha bati kimetundikwa kwenye msumari juu ya bomba. Sasa ananialika chai, ananionyesha kwenye ramani njia zipi zina matope na zipi zimezibwa na miti iliyoanguka.

Karatasi inakaribia kwisha na nina chupa za kuosha. Nibusie mkono wa Mama.

Mdogo wako,
Balqees


Ansab
8 Desemba 2024

Balqees,

Wa hapa wote wazima. Yaqoob ana mafua na anataka nchi nzima ijue. Mama ameanza kushuka ngazi mbili za baraza, na alipofika chini alitaka tumpigie makofi.

Nilimsomea barua yako yote. Ndiyo, na makaburi. Uliposema nisimwambie, ulijua nitamwambia. Aliweka kikombe cha kahawa chini. "Subhanallah. Nna binti kasomeshwa maji mpaka Ulaya, anakunywa ya makaburini. Ntamwambia nani miye?" Nikamweleza habari ya sabili na yule bibi. Akakiinua tena kikombe, akasema, "Lakini niya yake njema." Kwako wewe niya huwa njema sikuzote. Mimi ningekunywa maji ya makaburini ningeitiwa mtu wa kunisomea.

Na huyo Solange. Naona umepata dada mwenye kikombe. Anakuandalia chai, anakuonyesha njia. Njia nani alizichora? Mwambie huyo bibi kuwa ile ramani unayoitandaza mezani kwake ina alama za kalamu nyekundu, na kalamu ilikuwa mkononi mwangu.

Unajua baiskeli yangu iko wapi? Iko kwenye chumba cha kupigia pasi. Naifuta vumbi kila asubuhi. Juzi Nankya kasimama mlangoni ananitazama. "Madam, hii baiskeli kila siku unapanguza, kupanda hupandi. Si uuze tu? Ama ni ya maonyesho?" Tangu Mama aanguke sijatoka nayo. Zamani ilikuwa kila Ijumaa alfajiri mimi na wewe, Matrah mpaka mwisho wa barabara ya pwani, mimi mbele napiga kelele, shimo, mbwa, teksi, na wewe nyuma huna wasiwasi, unakula upepo tu. Nani alikuwa na raha kuliko wewe?

Nimeisoma barua yako mara tatu, kwanza kwa haraka, kisha kwa Mama, kisha peke yangu nikitafuta neno moja. Mna shokishoki, mna paa, mna hata bibi anacheka kaburini. Mwaliko hamna. Kimya kingi kina mshindo, mdogo wangu, na huu nausikia mpaka Ansab.

Nakuuliza tena: mwezi wa tano nije au nisije? Barua ya mwaliko ni ukurasa mmoja.

Shariffa


Creuse
20 Januari 2025

Dada Shariffa,

Nakusalimu kwa heshima na kwa baridi. Theluji imeanguka, maji ya bomba la makaburini yameganda, na mimi navaa soksi tatu. Nimefurahi kusikia habari za ngazi mbili. Mpe Mama yale makofi kwa niaba yangu. Yaqoob apewe tangawizi.

Msimu huu kuna wawindaji. Siku zao huwezi kuingia msituni bila fulana ya rangi ya machungwa, na hata ukiwa nayo unaimba njiani wasikudhanie nguruwe mwitu. Naimba nyimbo za harusi, ndizo pekee ninazozijua mpaka mwisho.

Wiki mbili nyuma nilitoka na kundi la wastaafu wa kijiji, watu sita wenye baiskeli kama zetu. Ukungu ukashuka, wakapotea katika msitu waliozaliwa karibu nao. Wakawa wanabishana. Mimi nikasikia kijito upande wa chini. Kijito kile nilikuwa nimekipima mwezi wa kumi, najua kinapotoka na kinapokwenda. Nikawaambia tukifuate kitatufikisha kwenye daraja la mawe. Wakasema, tangulia. Basi nikatangulia. Tukafika. Tangu siku hiyo kila Jumamosi wananingoja mimi nianze. Mzee mmoja ananiita kapteni.

Habari ya mwezi wa tano, Dada, nimeifikiria. Mwezi huo hapa mvua nyingi na njia nyingine huwa matope. Chumba changu kina kitanda kimoja chembamba. Na Mama ndiyo kwanza ananyanyuka, sijui kama Mama mdogo Bakhita ataweza, naye ana sukari. Na magoti yako hayajapanda milima siku nyingi. Labda ingefaa tungoje, pengine mwakani, tupange vizuri.

Mungu akipenda tutaonana.

Balqees


Ansab
10 Februari 2025

Balqees,

Mama mzima. Yaqoob mzima. Magoti yangu mazima, ahsante kwa kuyaulizia.

Mwakani utakuwa hapa Maskati, kwenye ofisi yako, unapima maji ya Bawshar. Nani atatukaribisha huko mwakani, wale paa?

Nimefikiri mengi. Nimefikiri una mume huko unamficha, nikasema hapana, hilo ungemwambia Mama. Nimefikiri unanionea haya, kwamba nitakuja na buibui langu na sauti yangu kubwa nikutie aibu mbele ya wazee wako wanaokuita kapteni. Nikalia kidogo, sitakuficha. Halafu jana Mama, anakunja nguo, ananiambia bila habari: "Balqees kamwekea baba yenu kikombe huko Ufaransa, kimeandikwa na jina. Hukuambiwa?"

Sikuambiwa.

Sabili ya getini naifuta mimi. Chujio nanunua mimi, vikombe wakiiba narudisha mimi. Sikuwahi kusema ni yangu, ni yetu sote. Na wewe umemwekea Baba maji kwenye msitu wangu, kimyakimya, na jina lake umelitundika kwenye msumari, na mimi nasikia kwa Mama kati ya shuka na foronya. Hata thawabu za Baba umenitangulia.

Sitaki mwaliko tena. Nataka sababu. Ukiwa huna ya kweli usiandike, stempu ni ghali.

Shariffa


Creuse
12 Machi 2025, Ramadhani kumi na mbili

Dada yangu,

Ramadhani karimu kwenu nyote. Nafuturu peke yangu kwa tende ulizonifungia mkobani mwezi wa tisa. Nazila moja moja zisiishe. Mama nimemsikia jana, sauti yake ina nguvu, alhamdulillah.

Habari ya kikombe ni hivi. Solange aliniuliza kwetu hutajwa jina la nani mtu akinywa. Nikasema kwangu mimi ni la Saeed, Baba yetu. Wiki iliyofuata nikakuta amelikwaruza kwa msumari kwenye bati, na ameanza na S mbili kwa sababu hakunisikia vizuri. Nilitaka kukuandikia siku ile ile. Sikukuandikia kwa sababu niliona raha kuwa na kitu cha Baba ambacho wewe hukuwa nacho. Umetaka kweli, ndiyo hiyo.

Wewe ulipakiwa na Baba kwenye baiskeli. Mimi nilipozaliwa alikuwa ameshanunua gari. Misitu ya Tabora mimi nimeisikia kwako, kwa sauti yako, na kila ukihadithia unasema, wewe hukuwepo. Umesema tena katika barua ya kwanza. Shuleni nilikuwa mdogo wake Shariffa. Kazini, kwa kuwa ulinitafutia wewe, nikawa mdogo wake Shariffa. Na barabara ya Matrah unayoisema, mimi nilikuwa siioni. Bahari ilikuwa kulia, milima kushoto, na mbele yangu miaka yote tairi lako la nyuma. Ningeweza kulichora usiku bila taa. Unasema nilikula upepo. Upepo uliukata wewe, mimi ulinifikia umeshatumika.

Hapa ni mahali pekee nilipowahi kuwa mbele. Nilipowaongoza wale wazee kwenye ukungu, nilifurahi mpaka nikaogopa wasione. Na nikajua ukija, siku ya kwanza tu, kwenye kilima cha kwanza, utanipita. Hutakusudia, ndivyo ulivyo. Utapiga kelele, shimo, na mimi nitarudi nyuma, na nitakuwa nimerudi kwa hiari yangu, maana ndivyo tulivyozoea. Sikukuonea haya hata siku moja. Nilikuonea wivu, na sikujua kama mtu anaruhusiwa kumwonea wivu aliyebaki nyumbani na Mama.

Barua ya mwaliko imo ndani ya bahasha hii, ina muhuri wa ofisi ya kijiji. Njia ni zako, ulizichora wewe. Ukija nitakupisha.

Balqees


Ansab
3 Aprili 2025

Balqees,

Idi mubarak. Mama alivaa dera jipya, akapokea wageni kama bibi harusi, na halwa yako amekula yeye.

Barua yako nilifungulia garini, mbele ya posta ya Matrah. Kwanza nilikasirika. Nilikasirika mpaka nikaanza kukujibu kwa sauti, mwenye gari la pembeni akapandisha kioo. Nimekufundisha, nimekukinga, kumbe nimekuziba. Niliwahi kukuuliza? Sikuwahi. Baba aliniambia tangulia umwangalizie mdogo wako, na mimi nikaangalia mbele miaka ishirini. Hakuniambia lini niache.

Sitaki kupishwa. Nataka kukaa nyuma, na nimegundua sijui. Basi nimeanza kujifunza. Nimemtolea Nankya baiskeli yako ya zamani, asubuhi tunazunguka Ansab kabla jua halijakaza, yeye mbele mimi nyuma. Siku ya kwanza nilimpita kabla ya msikiti. Ya pili nikampita kwenye kona. Akasimama, akateremsha mguu. "Madam, si umesema mimi ndio niko mbele? Sasa mbona unanikimbiza kama nimekuibia? Rudi nyuma, bana." Nikarudi. Ni kazi ngumu, miguu haisikii. Wiki hii nimeweza duru nzima na mdomo nikaufunga, ila paka mmoja, nilipiga kelele.

Ubalozi wamenipa miadi. Wakinipa viza nafika tarehe kumi Mei. Nakuja na wivu wangu, usidhani umeisha. Wenyewe hauhitaji viza.

Shariffa


Ansab
2 Juni 2025

Mdogo wangu Balqees,

Nimefika salama. Mama amenikagua kama mzigo wa forodhani, akasema nimekonda, halafu akauliza habari zako tupu. Yaqoob amefurahi kuniona, au amefurahi kuona jibini. Idi kubwa inakaribia na nyumba imepinduliwa. Mfikishie Solange salamu, na mwambie kubusiana mara nne kwa salamu moja ni kazi ya kutwa.

WhatsApp nimekufungulia. Hili lakini sikutaka kuliandika humo, na pale kwako sikuweza kulisema.

Unakumbuka siku ya kwanza, kile kilima baada ya daraja la mawe. Mvua ilikuwa imekatika, changarawe imelowa, kimya ni kama ulivyosema, na hilo peke yake lilinipa wivu upya. Wewe mbele. Miguu yangu ilikuwa inaniomba ruhusa, nikaikatalia. Nikakaa nyuma yako nikitazama tairi lako, nikasema kumbe hivi ndivyo alivyoishi huyu mtoto. Kisha kilima kikapanda, ukainuka kwenye kiti, na mimi nikainua macho.

Nilikwenda mpaka mtaroni. Ulisimama ukauliza, "Dada, vipi?" Nikakwambia mnyororo. Mnyororo haukuwa na kitu.

Ilikuwa bega lako, Balqees. Ukipanda kilima bega lako la kushoto linashuka. Kila ukikanyaga linashuka, halafu shingo inajipinda kidogo kulia kusawazisha, vile vile, vile vile kabisa. Hujawahi kubeba debe la asali. Hujawahi kumwona Baba juu ya baiskeli hata siku moja, nami nimekukumbusha jambo hilo maisha yako yote. Nilidhani lile bega ni la debe. Kumbe lilikuwa lake, na amekuachia wewe. Mimi niliyepakiwa, niliyemshika shati, nimejitazama kwenye kioo cha duka pale Matrah nikiwa juu ya baiskeli. Mabega yangu yamenyooka kama rafu.

Miaka yote ulikuwa nyuma yangu, basi ningekuona wapi.

Wiki nzima nilikaa nyuma, wazee wako wakadhani nimechoka. Sikuchoka. Nilikuwa nakwenda Matrah. Pale makaburini, uliponipa kikombe chenye S mbili, nilikunywa vikombe vitatu, ukasema nina kiu kweli. Nilikuwa natafuta namna ya kukwambia na sikuipata.

Siku ya mwisho nilitoa simu nikupige picha kwa nyuma, ujionee. Nikairudisha mfukoni. Picha haisogei, isingekuonyesha kitu. Na tuseme kweli, sikutaka.

Wewe una msitu, una Solange, una bega. Lakini mtu hajioni mgongo. Baba akipanda kilima nimemwona mimi peke yangu, mara mbili, na wewe huwezi kumwona hata ukikaa huko miaka kumi. Sasa ni zamu yako, ona wivu.

Ukirudi tutakwenda Matrah Ijumaa. Wewe mbele.

Dada yako,
Shariffa